Uteuzi wa Kikuza Sauti kwa Usikilizaji wa Tenzi za Lamu

Fasihi simulizi huishi sikioni kabla ya kuishi karatasini. Lamu, Pate na visiwa jirani, tenzi hughanwa, na mtafiti anayezirekodi hana budi kuzisikiliza upya wakati wa kuzinukuu. Kosa la sikio huzaa kosa la maandishi. Katika Kiamu, paa kwa maana ya mnyama hutamkwa kwa mpumuo, ilhali paa la nyumba halina mpumuo. Vilevile /t/ ya meno hutofautishwa na /t/ ya ufizi. Tofauti hizo ni ndogo, na mvumo wa mtambo hafifu huweza kuzifunika.

Baadhi ya spika za studio hazina kikuza sauti ndani yake. Mfano mashuhuri ni Yamaha NS-10, iliyotolewa mwaka 1978 na ambayo uundaji wake ulikoma mwaka 2001. Anayetumia spika za aina hii hulazimika kuchagua kikuza sauti, au amplifaya kama mafundi waiitavyo, kwa kuzingatia mambo matatu.

Kwanza ni ukinzani. NS-10 ina ukinzani wa omu 8. Hivyo, wati za amplifaya zisomwe kwa omu 8, kwani chombo kinachotangazwa kuwa na wati 100 kwa omu 4 hutoa pungufu ya hapo kwa omu 8.

Pili ni nguvu. Spika yenye wepesi wa desibeli 88 hutoa kiwango hicho kwa wati 1, umbali wa mita 1. Kila wati zinapozidishwa mara mbili huongezeka desibeli 3. Kwa hiyo wati 64 hufikisha desibeli 106. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ni vyembamba, maana upana wake hutegemea urefu wa boriti za mikoko. Msikilizaji hukaa karibu na spika, na sauti ya mghani huhitaji chini ya wati 1. Hata hivyo, pigo la ghafla la tari huhitaji akiba. Amplifaya dhaifu ikilazimishwa hukata vilele vya mawimbi, na spika ndogo ya sauti za juu huweza kuungua. Ndiyo sababu mafundi wengi hupendekeza wati mara 1.5 hadi 2 ya zile spika inazohimili kwa kudumu, mradi sauti isifunguliwe kupita kiasi.

Tatu ni utulivu. Amplifaya yenye feni ya kelele haifai katika chumba cha kunukulia. Aidha, hewa ya chumvi hutia kutu viungio vya nyaya. Inafaa visafishwe mara kwa mara, na nyaya ziwe nene na fupi.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi si ushahidi. Mnunuzi na abebe rekodi ya mwenyeji akitamka paa zote mbili, asikilize dukani. Zikisikika kuwa neno moja, chombo hicho hakifai kwa kazi ya mnukuzi.