Chanjo ya mgeni ni ngao ya mwenyeji

Wako wasafiri wanaonung'unika kila wadaiwapo cheti cha chanjo, kana kwamba wametusiwa. Laiti wangalijua yaliyozipata Samoa mbili za bahari ya Pasifiki!

Mnamo Novemba 1918, meli iitwayo Talune iliyotoka Auckland ilitia nanga Apia, ikiwa na wagonjwa wa homa ya mafua. Hakuna aliyeizuia. Samoa Magharibi, ambayo leo huitwa Samoa tu, ilikuwa mikononi mwa New Zealand. Ikapoteza takriban mtu mmoja katika kila watano. Katika Samoa ya Marekani, iliyo jirani kabisa, Gavana John Poyer aliweka karantini kali, na hakufa hata mmoja.

Surua ilipoua watu 83 huko Samoa kuanzia mwaka 2019, wengi wao watoto wadogo, jirani huyo alidai thibitisho la chanjo kwa abiria watokao huko. Ana haki: hospitali yake ni moja tu.

Basi msafiri asitegemee viza ya Marekani pekee, kwani eneo hilo hutoa idhini yake lenyewe ya kuingia. Malaria haiko huko, lakini mbu waumao mchana huleta homa ya dengi, nacho chandarua cha usiku hakifui dafu mbele yao.