Dawa ya mende ikiingia mwilini mwa mtoto

Dawa ya mende ikimiminwa ndani ya chupa ya maji ya kunywa, mtoto mwenye kiu hajui tofauti. Dawa nyingi za namna hiyo, kama diklorovosi, na nyingine zinazopuliziwa lengalenga na kabichi bustanini, ni za jamii ya oganofosfati. Jinsi zinavyoumiza tunaweza kulielewa bila kusomea udaktari.

Mtoto akitaka kuinua tonge la bukari, ubongo hutuma habari kupitia mshipa wa fahamu. Lakini mshipa haugusani na msuli; kati yao pana mwanya mdogo ambao jicho haliwezi kuuona. Hapo mshipa humwaga kemikali iitwayo asetilikolini, nayo huvuka na kuuamuru msuli ukaze. Papo hapo kimeng'enya huikatakata, na msuli hulegea. Otto Loewi alionyesha mwaka 1921, kwa mioyo ya chura, kwamba mshipa husema kwa kemikali: maji yaliyouzunguka moyo mmoja uliopunguziwa mapigo yaliupunguzia na wa pili. Mwaka 1936 alipata tuzo ya Nobel pamoja na Henry Dale.

Oganofosfati hukifunga kile kimeng'enya. Asetilikolini hurundikana, amri haziishi. Ndiyo maana mate, machozi na jasho humwagika, mboni za macho husinyaa kama ncha ya sindano, mtoto hutapika na kuharisha, misuli hutetemeka kisha huishiwa nguvu. Kinachoua ni pumzi: mapafu hujaa ute, na misuli ya kupumua hulegea.

Wengine hukimbilia maziwa au mawese. Hivyo havifungui kimeng'enya, na ukimtapisha mtoto, sumu inaweza kuingia mapafuni. Mtoe penye hewa, mvue nguo, mwoshe kwa maji mengi na sabuni huku mikono yako umeifunika kwa plastiki, kisha hopitali mbio, na chupa ile mkononi ili munganga ajue ni sumu gani. Dawa yake kuu ni atropini, inayokausha ute na kurudisha mapigo ya moyo. Haiondoi ulegevu wa misuli, kwa hiyo usishangae mtoto akibakizwa siku kadhaa hata akionekana mzima.

Na mboga? Kuosha hupunguza dawa iliyo juu ya majani, si ile iliyoingia ndani. Mwenye bustani ahesabu siku za kungoja zilizoandikwa kwenye kopo kabla ya kuvuna.