Msumeno wa meza: Bei isimponze seremala

MASEREMALA wa Kisii na Nyamira wanaonuia kununua msumeno wa meza hawana budi kupima mambo matatu kwa pamoja: bei, usalama na nafasi ya karakana.

Wa bei nafuu kwa kawaida ni ule unaoundwa na mafundi wa jua kali kwa vyuma vya kuchomelea na mota iliyokwisha kutumika. Huwa imara, lakini mara nyingi hauna kinga juu ya diski wala kisu cha nyuma kinachozuia mbao kubana. Mkaratusi mbichi, ambao ni mwingi maeneo hayo, hujikunja unapopasuliwa. Ukiibana diski, ubao hurushwa nyuma kwa kasi na mkono huweza kuvutwa kwenye meno.

Mashine ya kubebeka yenye diski ya inchi 10 huuzwa pamoja na vifaa hivyo viwili, na hutumia umeme wa kawaida. Ile kubwa ya chuma cha kusubu hukata kwa unyoofu zaidi, ila ni ghali na nyingi huhitaji umeme wa fezi tatu.

Kuhusu nafasi, ubao wa futi 8 huhitaji futi 8 mbele ya diski na nyingine 8 nyuma yake. Katika kibanda kidogo, meza ielekezwe mlangoni.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka sehemu hatari za mashine zikingwe. Anayechagua meza ya jua kali amwagize fundi aongeze kinga na kisu kabla ya kulipa. Gharama hiyo haifikii thamani ya kidole.