Kabla Binti Hajapanda Ndege

Ndugu wanavikundi, huku Garsen na vijiji vya mto Tana mabinti zetu wanaitwa Saudia kufanya kazi za nyumbani. Serikali ilisimamisha safari hizo mwaka 2014, ikaziruhusu tena 2017 kwa masharti. Basi kikundi kikiombwa mkopo wa safari, tuulize kwanza mambo manne:

1. Pasipoti. Huombwa kupitia eCitizen, kisha mwenyewe huenda, kwa mfano Mombasa, kutoa alama za vidole. Kitambulisho na cheti cha kuzaliwa viwepo.

2. Viza. Iwe ya kazi. Viza ya matembezi haimruhusu mtu kuajiriwa. Akidhulumiwa, yeye ndiye ataonekana mkosaji. Viza ya kazi humfunga kwa mwajiri mmoja, kwa hiyo jamaa wajue jina na simu ya mwajiri huyo.

3. Wakala. Awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Tuulize huko, si kwa dalali wa sokoni.

4. Mkataba. Usomwe wote kabla ya kutia sahihi: mshahara, mapumziko, tiketi ya kurudi. Nakala ibaki nyumbani.

Likikosekana hata moja, pesa za kikundi zingoje, na mbuzi wasiuzwe.