Je, Wajua? Kijiprogramu Kinachofuta Ubao wa Kunakili

Kijiprogramu cha kufuta ubao wa kunakili ni aikoni ndogo inayokaa kwenye paneli ya Linux, ule ukanda wa pembeni mwa skrini wenye saa na alama ya betri. Kazi yake ni kungoja sekunde kadhaa baada ya mtu kunakili kitu, kisha kukifuta kabla hakijabandikwa pasipostahili.

Haja yake inaonekana vizuri katika ofisi za Johannesburg. Nambari ya kitambulisho cha Afrika Kusini ina tarakimu 13. Sita za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Nne zinazofuata hutaja jinsia: chini ya 5000 ni mwanamke, kuanzia hapo ni mwanamume. Ya 11 huonyesha kama mwenyewe ni raia au mkaazi wa kudumu. Karani wa mishahara huko Braamfontein akiinakili saa tatu asubuhi, adhuhuri huenda bado ipo, ikingoja kidole kiteleze na kuibandika kwenye kundi la WhatsApp. Sheria ya nchi hiyo ya kulinda taarifa binafsi, POPIA ya mwaka 2013, humtaka anayetunza taarifa za watu achukue hatua za kuzilinda.

Jina “ubao” linapotosha kidogo. Katika mfumo wa madirisha wa X, ulioanzia chuo cha MIT mwaka 1984, hakuna ubao wowote. Mtu akinakili, maneno hubaki palepale yalipo, na programu aliyonakilia hutangaza tu kwamba mali ni yake. Wakati wa kubandika, programu ya pili humwendea mwenye mali na kuomba. Ndiyo maana aliyenakili kisha akafunga dirisha huweza kubandika akaambulia patupu.

Kwa hiyo kijiprogramu hakiingii kwenye kumbukumbu ya programu nyingine kufuta chochote. Hunyang’anya umiliki, kisha kila anayeomba hurudi mikono mitupu. Hapo ndipo wengi wanaoandika kijiprogramu kwa mara ya kwanza hukwama. Katika GTK 3, maktaba ya kujengea programu zenye madirisha, ipo amri ya gtk_clipboard_clear, lakini imekusudiwa kutumiwa na mmiliki. Ikiitwa na asiye mmiliki, maneno hubaki yalivyo. Dawa ni kuweka kwanza maandishi matupu, jambo linalohamisha umiliki, ndipo kufuta.

Kipima muda nacho kina mtego. Kila kitu kipya kinaponakiliwa hesabu lazima ianze upya, la sivyo saa ya nambari ya zamani itafuta anwani iliyonakiliwa sekunde mbili tu zilizopita. KeePassXC, programu ya kutunza nywila, kwa kawaida hungoja sekunde 10. Pass, ya kazi hiyohiyo, hungoja 45. Kwa anayehama dirisha hadi dirisha, 10 ni chache mno.

Pia kuna mfuko wa pili. Maandishi yaliyotiwa kivuli kwa kipanya huweza kubandikwa kwa kubofya kitufe cha katikati, bila Ctrl wala C, na kijiprogramu kisichoufuta mfuko huo kimefanya nusu ya kazi. Vilevile Klipper, programu ya ubao ya mazingira ya KDE, hutunza orodha ya vilivyonakiliwa. Orodha hiyo ikibaki, kufuta kote ni bure.

Mahali pa kuweka vijiprogramu napo pamebadilika. Ubuntu, aina ya Linux iliyo mradi wa Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Welkom, ilipotoka tarehe 20 Oktoba 2004 ilikuja na mazingira ya GNOME 2, ambayo paneli yake ilipokea vijiprogramu vya kila namna. GNOME 3 ya mwaka 2011 ikavifungia mlango, ingawa mazingira ya MATE na Cinnamon bado yanavikaribisha. Wayland, mrithi wa X, ni mkali zaidi: kwa kawaida ni dirisha linalotumika wakati huo tu ndilo huuona ubao, hivyo kijiprogramu cha nyuma huhitaji njia maalumu.

Kifaa hiki ni kinga dhidi ya usahaulifu, si dhidi ya mwizi. Chini ya X, programu yoyote iliyo wazi inaweza kuomba kilichonakiliwa sekunde ileile kinaponakiliwa, kabla kipima muda hakijahesabu hata moja.