Ruaha Mkuu: Nani Hulaumiwa Maji Yanapokwisha

Usalama wa maji, yaani uhakika wa jamii kupata maji ya kutosha na yanayofaa kwa watu, mazao, mitambo na viumbe wa porini, huzungumzwa katika nchi nyingi zinazoendelea kana kwamba ni hesabu ya mvua peke yake: ikinyesha, nchi iko salama, isiponyesha, lawama ni za tabianchi. Hesabu hiyo huacha nje swali la kisiasa, nalo ni nani mwenye mamlaka ya kutamka maji yamepotelea wapi, na nani atakayehamishwa kwa sababu ya tamko hilo. Mto Ruaha Mkuu wa Tanzania ni mfano wa wazi wa jambo hili, kwa kuwa watafiti wameupima kwa miongo kadhaa huku maamuzi makubwa juu yake yakifuata njia nyingine.

Mto huo hukusanya maji kutoka miinuko ya Mbeya na Njombe, ukashuka katika tambarare za Usangu wilayani Mbarali, ukapita kwenye ardhi oevu ya Ihefu na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kisha ukaingia bwawa la Mtera, ambalo huhifadhi maji yanayozungusha mitambo ya megawati 80 palepale na mingine ya megawati 204 huko Kidatu. Kwa miaka mingi vituo hivyo viwili vilikuwa tegemeo kubwa la gridi ya taifa. Mwaka 1993 mto ulikauka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi, na tangu hapo hali hiyo imejirudia karibu kila mwaka. Mgao wa umeme uliposhika kasi katika miaka hiyo, mambo mawili yaliyotokea kwa wakati mmoja yalifanywa kuwa jambo moja: mto umekauka, Mtera imepungukiwa, kwa hiyo aliyeko juu ya mto ndiye aliyezima taa za Dar es Salaam.

Kauli hiyo ilipata uzito wa kiserikali. Mwezi Machi 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye alitangaza mjini London kwamba Tanzania ingehakikisha Ruaha Mkuu unatiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Ukame wa 2005 na 2006 ulipoleta mgao mwingine mkali, wafugaji wa Usangu, wengi wao Wasukuma waliokwisha kujenga maisha huko, waliamriwa kuondoka na mifugo yao, na wengi wakaelekezwa mikoa ya Lindi na Pwani. Mwaka 2008 mipaka ya Hifadhi ya Ruaha ilipanuliwa na Ihefu ikawa ndani yake. Mwaka 2010 ulifika na kupita, ng'ombe wakiwa wameondolewa, na kiangazi kilipoingia mto ulikauka kama kawaida yake.

Sababu ya kushindwa huko ilikuwa imekwisha kuelezwa kabla ya amri kutolewa. Tafiti zilizofanyika Usangu tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, baadhi yake zikihusisha Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, zilitenganisha misimu miwili ambayo wanasiasa waliichanganya. Mtera hujazwa na mafuriko ya masika, tena kwa mito kadhaa, ukiwamo Ruaha Mdogo unaopita Iringa na Kisigo unaotoka upande wa kaskazini. Hifadhi huhitaji maji machache ya kiangazi. Hesabu ndogo inatosha kuonyesha tofauti hiyo. Tuseme wakulima wa Usangu wangechepusha mita za ujazo 5 kwa kila sekunde kwa siku 150 mfululizo: jumla ingekuwa takriban mita za ujazo milioni 65, ilhali bwawa la Mtera linaweza kubeba takriban bilioni 3.2, kwa hiyo maji yote hayo ni kama asilimia 2 ya ujazo wake. Kwa kiboko aliyeko hifadhini maji hayo ni uhai wake; kwa mtambo wa Kidatu ni kiasi kidogo sana. Watafiti waliochunguza uendeshaji wa mabwawa ya Mtera na Kidatu walionyesha pia kuwa tatizo la umeme lilihusiana na jinsi maji yalivyofunguliwa kutoka Mtera, na ni vyema kukumbuka kwamba bwawa halina msemaji wa kulilaumu wala kulitetea, lakini mfugaji asiye na hati huonekana kwa macho.

Hata ukavu wa hifadhini una mwenendo wake, na ng'ombe si chanzo chake kikuu. Maji hutoka Ihefu kwa kupita juu ya kizingiti cha mwamba mahali paitwapo Ng'iriama, na kina cha maji kikishuka chini ya mwamba huo, mto husimama ingawa ardhi oevu bado ina maji, ambayo huendelea kupotea kwa mvukizo. Ili kizingiti kivukwe, mito midogo ya Usangu lazima iendelee kuingia Ihefu wakati wa kiangazi, na hapo ndipo mabanio, yaani vizuizi vya kuchepusha maji ya mto kwenda mferejini, yanapohusika. Banio la zamani la miti, mawe na udongo lilivuja, likaacha maji yaendelee kushuka. Banio la saruji lenye milango ya chuma, lililojengwa kwa fedha za wafadhili kwa jina la ufanisi, lina uwezo wa kuingiza karibu mto wote mferejini hata majaruba yakiwa hayana mpunga. Maendeleo yaliyokusudiwa kuokoa maji yalimpa mtu wa juu nguvu ambayo hakuwa nayo.

Sheria nayo ilisaidia bila kukusudia. Haki ya maji, ambayo tangu Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 huitwa kibali, iliandikwa kwa kiasi maalumu cha lita kwa sekunde, na jumla ya viasi vilivyoandikwa ilizidi maji yaliyokuwapo mtoni miezi ya ukame. Ada zilizotozwa hazikutosha kurudisha gharama za kuzikusanya, na aliyelipa aliona amenunua maji yake halali, ayatumie apendavyo.

Juu ya historia hii sasa imewekwa sera ya tabianchi, ambayo huwa na pande mbili: kupunguza gesijoto na kuhimili athari zake. Umeme wa maji huhesabiwa kuwa nishati safi, kwa hiyo lita ya maji iliyo mbele ya mtambo hupanda thamani machoni pa serikali na wafadhili, na lita iliyo ndani ya jaruba hushuka. Bwawa la Julius Nyerere, lenye megawati 2,115 na lililoko kwenye Mto Rufiji ambamo maji ya Ruaha Mkuu huishia, linatajwa mara nyingi kama sababu mpya ya kubana watu wa Usangu, ingawa Ruaha Mkuu huchangia takriban asilimia 15 tu ya maji ya Rufiji, na mchangiaji mkubwa ni Mto Kilombero. Upande wa uhifadhi, mradi wa REGROW wa Benki ya Dunia, ambao pamoja na kukuza utalii wa kusini ulilenga kurejesha mtiririko wa Ruaha wakati wa kiangazi, ulisitishiwa fedha mwezi Aprili 2024 na kufutwa Novemba mwaka huohuo, baada ya wanavijiji kulalamika mbele ya Jopo la Ukaguzi la benki hiyo kuhusu kuondolewa na kutendewa ukatili, madai ambayo serikali iliyakanusha.

Mabadiliko ya tabianchi ni ya kweli, lakini katika Usangu hayajathibitishwa kuwa ndiyo yaliyoukausha mto, na kuyataja kila mara huwapa watunga sera kinga wasiyostahili. Kinachowezekana kinajulikana: kufunga milango ya mabanio baada ya mavuno, kuandika vibali kwa sehemu ya maji yaliyopo badala ya kiasi kisichobadilika, na kuzipa jumuiya za watumia maji nguvu ya kusimamia zamu. Kabla kijiji kingine hakijaambiwa kihame kwa jina la mto, vipimo vya kiangazi vya kila banio, pamoja na kumbukumbu za maji yanayofunguliwa Mtera, vitangazwe hadharani kwa Kiswahili.