Kabla ya Kuleta Mbwa Nyumbani: Namna ya Kumchagua, Kumtunza na Kuikinga Familia

Katika maboma na mitaa mingi, mbwa huingia nyumbani bila mpango. Jirani ana watoto wa mbwa sita, mmoja anapewa mwanafunzi aende naye nyumbani. Au kumetokea wizi mtaani na mwenye nyumba anataka mbwa kabla jua halijatua. Miezi michache baadaye mbwa huyo amekua, analala nje ya lango, anakula anachopata jalalani, na hakuna anayekumbuka kama aliwahi kuchanjwa.

Hapo ndipo hatari huanzia. Kichaa cha mbwa bado kinaua watu nchini Kenya. Makadirio yanayotumiwa katika mipango ya serikali ni vifo vipatavyo 2,000 kila mwaka. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hadi asilimia 99 ya visa vya ugonjwa huu kwa binadamu hutokana na mbwa. Shirika hilo linaongeza kuwa asilimia 40 ya watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nao ni watoto wa chini ya miaka 15. Mara nyingi mbwa aliyemuuma mtoto si mgeni. Ni wa nyumbani au wa jirani.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa serikali za kaunti jukumu la kudhibiti wanyama na kulinda ustawi wao, ikiwemo kutoa leseni za mbwa. Hata hivyo, kazi hiyo huanza na mwenye mbwa mwenyewe, tangu siku anapoamua kumfuga.

Maswali ya kujiuliza kwanza

Swali la kwanza si aina gani ya mbwa anapendeza, bali atafanya kazi gani na ataishi wapi. Mbwa anayetunzwa vizuri huishi miaka 10 hadi 13, wengine zaidi. Mtoto wa Gredi ya Tatu anayeletewa mbwa leo atakuwa amemaliza shule ya sekondari, na mbwa huyo bado atahitaji chakula, chanjo na uangalizi.

Kwa hivyo familia ikae pamoja na ijibu maswali machache. Je, kuna ua au uzio wa kumzuia mbwa asitoke ovyo? Kama nyumba ni ya kukodi, mwenye nyumba amekubali? Nani atamlisha familia inaposafiri? Je, bajeti ya mwezi inaweza kubeba chakula chake, dawa ya minyoo na chanjo? Jibu likiwa hapana katika maswali mawili au matatu, ni heri kungoja.

Aina za mbwa nazo hutofautiana. German Shepherd ni mwerevu na mlinzi hodari, lakini anahitaji mazoezi kila siku, na nywele zake nene humtesa katika maeneo ya joto. Rottweiler na Boerboel wana nguvu nyingi na hawamfai mtu ambaye hajawahi kufunza mbwa. Mbwa wadogo kama Maltese na Japanese Spitz huweza kuishi mahali padogo, ila nywele zao huhitaji kuchanwa mara kwa mara.

Mbwa wa kienyeji, ambaye wengi humdharau, amezoea hali yetu ya hewa, hahitaji chakula cha gharama kubwa na hubweka mara anaposikia mgeni. Kwa boma la kawaida, mara nyingi yeye ndiye anayefaa zaidi.

Kuna dhana kwamba mbwa wa ulinzi ni lazima afungwe mnyororo mchana kutwa, apigwe na ashindishwe njaa ili awe mkali. Matokeo yake huwa kinyume. Mbwa anayeteswa huwa mwoga, na mbwa mwoga huuma bila onyo, hata watoto wa mwenyewe. Mlinzi mzuri ni yule anayebweka kwa wakati na kumtii mwenyewe anapomwita. Isitoshe, kumpiga mnyama au kumnyima chakula na maji ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360.

Kumkagua mtoto wa mbwa

Mtoto wa mbwa asitenganishwe na mama yake kabla ya kutimiza wiki 8. Katika wiki hizo hujifunza kutoka kwa mama na ndugu zake namna ya kucheza bila kuuma kwa nguvu. Anayeachishwa mapema huwa dhaifu na mgumu kufunzwa.

Mnunuzi aombe kumwona mama. Kama mama ni mwoga au mkali kupita kiasi, huenda wanawe wakawa hivyo. Kisha amkague mtoto mwenyewe. Macho na pua viwe safi bila usaha, fizi ziwe za waridi na si nyeupe, na ngozi isiwe na viroboto au vipara vya ukurutu. Tumbo lililovimba kama ngoma huku mbavu zikionekana ni dalili ya minyoo. Mnunuzi apige makofi taratibu nyuma ya mtoto huyo. Anayesikia vizuri atageuka. Anayefaa familia yenye watoto ni yule anayesogea kuwanusa watu na kukubali kubebwa, si anayejificha pembeni wala anayewauma wenzake bila kukoma.

Kununua mbwa kando ya barabara kuna hatari yake. Ugonjwa wa parvo, unaoleta kutapika na kuhara damu, unaweza kumuua mtoto wa mbwa kwa siku chache, naye huonekana mzima siku anaponunuliwa. Muuzaji atoe kadi ya chanjo yenye tarehe, jina la chanjo na sahihi ya mhudumu wa mifugo. Maneno ya mdomo pekee hayatoshi.

Chakula, maji na mahali pa kulala

Ugali mtupu haumtoshi mbwa. Uchanganywe na omena, mayai yaliyopikwa au matumbo yaliyochemshwa. Mbwa mzima alishwe mara mbili kwa siku, mtoto wa mbwa mara tatu au nne, na maji safi yawepo wakati wote. Vitunguu na chokoleti ni sumu kwa mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha kali vinavyoweza kumtoboa tumboni.

Tahadhari kubwa ni kwa nyama ya machinjoni. Ini au mapafu yenye vifuko vya maji, vinavyoonekana kwa mbuzi, kondoo, ng'ombe na ngamia, yasitupiwe mbwa kamwe. Vifuko hivyo vina viluwiluwi vya tegu. Mbwa akivila, tegu hukua tumboni mwake na mayai yake hutoka na kinyesi. Mtu akiyameza kupitia mikono michafu, mboga au maji, vifuko kama hivyo huota ndani ya ini au mapafu yake, na mara nyingi huondolewa kwa upasuaji. Ugonjwa huu umezisumbua sana jamii za wafugaji, hasa Turkana. Viungo vyenye vifuko vichomwe au vifukiwe kwenye shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua.

Kibanda cha mbwa kiwe kikavu, chenye kivuli na nafasi ya kujigeuza. Kinyesi kiokotwe kila siku, na watoto wanawe mikono kwa sabuni baada ya kucheza na mbwa.

Chanjo, minyoo na uzazi

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa mbwa akiwa na umri wa miezi 3, kisha hurudiwa kila mwaka. Chanjo ya parvo na magonjwa mengine ya watoto wa mbwa huanza mapema zaidi, kati ya wiki 6 na 8, na hurudiwa kwa ratiba anayopanga daktari wa mifugo. Dawa ya minyoo huanza wiki ya pili baada ya kuzaliwa, hurudiwa mara kwa mara hadi miezi 3, na baadaye kila baada ya miezi mitatu.

Kwa nini irudiwe kila mwaka? Kwanza, kinga hupungua. Pili, mbwa huzaana na kufa kwa kasi, hivyo kila mwaka kijiji huwa na mbwa wapya ambao hawajachanjwa. Wataalamu wanasema asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia. Yaani kati ya mbwa kumi, saba wakiwa na kinga, mmoja mwenye ugonjwa hupata shida kumwambukiza mwingine kabla hajafa. Hiyo ndiyo hesabu iliyo nyuma ya mkakati wa kitaifa wa kutokomeza vifo vya binadamu vitokanavyo na ugonjwa huu, wa 2014 hadi 2030, uliopangwa kuanzia katika kaunti za Kisumu, Siaya, Machakos, Kitui na Makueni.

Kuua mbwa wanaozurura hakujamaliza ugonjwa huu popote. Wakiuawa, wengine huja kuchukua nafasi yao, nao hawana chanjo. Na wengi wa mbwa wanaozurura wana wenyewe, ila hawafungiwi.

Mbwa jike hubeba mimba kwa takriban miezi miwili na huweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Mwenye mbwa asiyetaka watoto hao amwone daktari wa mifugo ili jike afungwe uzazi au dume ahasiwe. Kuwatupa watoto wa mbwa sokoni au mtoni ni ukatili, na wanaosalimika huongeza idadi ya mbwa wasiochanjwa.

Paka naye huambukizwa kichaa na huweza kukiambukiza kwa kuuma au kuparura. Anapopelekwa kuchanjwa, abebwe ndani ya kikapu chenye mfuniko. Mbwa afungwe kamba na aletwe na mtu mzima anayemjua, si na mtoto.

Mtu akiumwa na mbwa

Virusi vya kichaa hukaa kwenye mate. Vikiingia kupitia jeraha, husafiri polepole katika mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili hadi mitatu, lakini inaweza kuwa wiki moja au hata mwaka. Muda huo ndio nafasi ya kuokoa maisha. Dalili kama kuogopa maji na kuchanganyikiwa zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufariki.

Kwa hivyo hatua hizi zichukuliwe bila kuchelewa:

1. Kidonda kioshwe papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Maji na sabuni huondoa na kuua sehemu kubwa ya virusi.
2. Kidonda kisipakwe pilipili, majani, udongo wala mafuta ya taa.
3. Aliyeumwa apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni mkwaruzo mdogo. Chanjo ya binadamu hutolewa kwa dozi kadhaa katika tarehe tofauti, na zote ni lazima zikamilishwe. Majeraha makubwa, hasa ya kichwani na usoni, huhitaji pia dawa ya kinga inayodungwa kwenye kidonda.
4. Afisa wa mifugo ajulishwe. Mbwa anayejulikana asiuawe ovyo, bali afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10. Matibabu ya aliyeumwa yasingoje siku hizo ziishe. Mbwa akifa, asiguswe wala kuzikwa kabla afisa hajafika, kwa kuwa sampuli ya ubongo ndiyo huthibitisha ugonjwa.

Mbwa mwenye kichaa hubadilika tabia. Mpole huwa mkali, au mchangamfu hujitenga. Hutokwa na mate mengi, hushindwa kumeza, sauti yake ya kubweka hubadilika, na mwishowe hupooza. Si kila mbwa mwenye kichaa hukimbia akiuma watu. Wengine hulala tu kimya, na mtu anayeingiza mkono mdomoni akidhani mbwa amekwamwa na mfupa huwa amejiweka hatarini.

Watoto waambiwe nini

Watoto wafundishwe kutomsumbua mbwa anayekula, aliyelala au mwenye watoto. Mbwa wasiyemjua akiwakaribia, wasikimbie. Wasimame wima kama mti, mikono ikiwa ubavuni, macho yakitazama chini. Wakiangushwa, wajikunje na kufunika shingo na masikio kwa mikono.

Wazazi nao wana jambo moja la kuahidi. Mtoto aliyeumwa alipokuwa akimchokoza mbwa wa jirani, au alipopita njia aliyokatazwa, huogopa kuchapwa na huficha jeraha. Kidonda hupona, na miezi miwili baadaye ni kuchelewa. Kila mtoto ajue kwamba akisema ameumwa, hatapigwa wala kukaripiwa. Atapelekwa hospitalini kwanza.

La kufanya wiki hii

Mwenye mbwa au paka atafute kadi ya chanjo na aangalie tarehe. Kama mwaka umepita, au kadi haipo, amwone afisa wa mifugo wa wadi yake au daktari wa mifugo aliyesajiliwa aliye karibu, na aulize pia kuhusu leseni ya mbwa. Machifu, wazee wa nyumba kumi na walimu wanaombwa kupitisha ujumbe huu katika mabaraza na shuleni. Wanaweza kuitumia Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kuhesabu mbwa wa kijiji na kujua wangapi wamechanjwa.

Sindano moja ya mbwa kwa mwaka hugharimu kidogo sana ikilinganishwa na dozi za binadamu anayeumwa, na humkinga mtoto wa nyumbani pamoja na wa jirani.